Mstari Uliolala Kibarani

Shela, Malindi
4 Agosti 2025

Kwa Mama Hadiya, Jaha wangu,

Salamu zitangulie, maana maneno yanayofuata yana miba.

Nianze na hili ulijue: katika Malindi yote, toka hapa Shela hadi Maweni, hakuna mwanamume asiyejua wivu kama mimi Uweis. Wivu ni ugonjwa wa watoto. Mimi moyo wangu ni mtungi wa maji, baridi na mtulivu.

Haya. Nimeyasoma tena niliyoyaandika nikaona hata kuku wako dirishani wananicheka. Ni uongo. Nina wivu na huyo bwana anayekufundisha, nina wivu na ubao wake, nina wivu na ile chaki anayoigeuzageuza mbele ya macho yako.

Uliondoka mwezi wa pili kwenda Kilifi kumwangalia Hadiya na uzazi wake. Ukasema utakaa arobaini. Mimi sikusoma sana, lakini arobaini naijua. Sasa Kavumbi muuza achari, ambaye ndiye posta yetu, aniambia mjukuu keshaota meno mawili na yuwauma watu. Arobaini gani hiyo yenye meno?

Tena aniambia kila siku watoka na daftari kwenda kwa mtu aitwaye mwalimu Kishor. Nikamuuliza ana mke? Akasema mjane. Nikamuuliza ana meno? Akasema yote. Nikamlipa achari nikaondoka bila kuichukua.

Hapa nyumbani tumo. Asumini yako naimwagilia asubuhi na jioni kama tulivyoagana: mimi maji, wewe kutunga maua yake kikuba ukivae. Usisahau. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama, nimeitia ufunguo na kuitega kama alivyoitega marehemu baba: jua likizama, sindano iseme kumi na mbili. Ikigonga tatu ni saa tatu. Si kama hizo saa za redio, zinasema tisa na mtu mzima aambiwa aseme tatu, na yeye akubali.

Lini warudi?

Mumeo, mpaka sasa,
Uweis


Kibarani, Kilifi
9 Agosti 2025

Baba Hadiya,

Barua yako imefika ikinuka ugoro na achari. Nakujibu kwa kalamu kwa sababu masikio yako hayataki simu, na mara ya mwisho nilipokupigia kelele, mtaa wote wa Kibarani ulijua habari za jipu lako kabla yako.

Kweli arobaini imekwisha zamani. Sikukwambia kwa sababu nilijua utasema rudi.

Wajua nilitolewa skuli nikiwa msichana, nikaja kwako na buibui jipya. Sikulalamika. Lakini asubuhi, Hadiya akiwa kazini, namshika mtoto, na akisharudi mimi huwa sina kazi. Nikapita mbele ya nyumba ya mwalimu Kishor nikaona wanawake barazani, watu wazima wenzangu, wamekaa mkekani na madaftari. Nikakaa. Nikasikia mambo ambayo nilikuwa nikiyachungulia dirishani kwa kaka zangu. Nataka kufanya mtihani wa kidato cha nne mwakani. Jumamosi ya tarehe ishirini Septemba mwalimu atatupa mtihani wa majaribio, na atakayepita ndiye atakayeandikishwa. Sijataka kitu hivi tangu nilipotaka uache ugoro.

Usinune. Ngoja nikufundishe tulichosoma, uone kama kina uhuni wowote. Chaandikwa hivi: y = mx + c. Usitishike, ni namna ya kueleza mstari ulionyooka. Hiyo c ni pale mstari unapoanzia kwenye nguzo iliyosimama, x ikiwa bado sifuri. Ukiiongeza, mstari mzima wapanda kama ulivyo, kama kanzu ukiitoa msumari wa chini ukaitundika wa juu: ubavu wake hauinami zaidi wala kupungua. Hiyo m ndiyo mwinamo. Ukiikuza, mstari wasimama, ukiipunguza, walegea, ukiifanya sifuri, walala chali, ukiitia alama ya kutoa, wageuka na kuteremka. Wewe umekata mbavu za kanzu maisha yako yote, mkono wako wajua haya hata kichwa kikikataa.

Mkeo,
Jaha


Shela, Malindi
14 Agosti 2025

Mama Hadiya, mwanafunzi,

Nimekaa na hiyo c na m yako mpaka chai ikapoa. Nimeelewa. Nimeelewa sana, na sasa nakuletea yangu, umpelekee huyo mwenye meno aisahihishe.

y ni wivu wangu.
x ni wiki ulizokaa Kilifi.
m ni mwalimu Kishor.
c ni wivu niliokuwa nao siku ulipoondoka, ambao ni mdogo tu, kiasi cha kijiko.

Kila wiki ikipita, mwalimu ananizidishia. Nimechora nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Jaha, mstari umepanda ukatoka kwenye karatasi! Nimelazimika kuuendeleza ukutani kwa mkaa, umefika karibu na saa. Mgeni akiingia namwambia ni ufa.

Tazama basi jinsi mambo yalivyo. Ukimtoa mwalimu, yaani m iwe sifuri, mstari walala na mimi nalala. Kwa hiyo tatizo si mimi. Tatizo ni m. Hesabu imesema, si mimi niliyesema.

Nasikia pia kuna bhajia. Kavumbi aniambia mkwe wa mwalimu, aitwaye Hetvi, huwapikia. Wewe bhajia zangu ulisema zina mafuta.

Nikuombe kitu. Hizo grafu mnazochora, niletee moja. Nataka kuona mwandiko wako unavyokwenda.

Mumeo aliyeko nyuma ya kalenda,
Uweis


Kibarani, Kilifi
22 Agosti 2025

Baba Hadiya,

Nimecheka mpaka Hadiya akaniuliza nani kafa. Barua yako sikumwonyesha mwalimu. Niliisoma peke yangu mara mbili, na mara ya pili nikaona unakosea mahali, lakini nitakwambia siku nyingine. Kwanza nikupe furaha yangu.

Mwalimu alituambia kila mmoja achore safari yake mwenyewe. Chini, kwenye nguzo iliyolala, uandike saa. Pembeni uandike umbali kutoka kwako. Yangu ndiyo aliyoitundika ukutani! Nilipata vema nyekundu kubwa. Nimekunakilia, ndiyo hiyo ndani ya bahasha.

Uisome hivi. Hapo mwanzo mstari wapanda, ni mimi natoka kwa Hadiya kwenda darasani. Umesimama kwa sababu nakwenda mbio nisichelewe. Penye 3 nimefika. Toka 3 mpaka 5 mstari umelala, m ni sifuri, maana niko palepale kwa mwalimu, siendi wala sirudi. Baada ya 5 wateremka, narudi nyumbani. Hapo m ni ya kutoa, na mwinamo umelegea kwa sababu nakwenda pole.

Wenzangu walinipigia makofi. Mimi, Jaha, bibi wa mjukuu mwenye meno mawili, napigiwa makofi kwa mstari!

Itunze usiifungie ugoro.

Mkeo,
Jaha


Shela, Malindi
27 Agosti 2025

Jaha,

Leo sina mzaha.

Nimeitundika hiyo grafu yako chini ya saa ya ukutani nikazisoma pamoja, namba kwa namba. Toka tatu mpaka tano, kwa mwalimu. Asubuhi umeniandikia kwa mkono wako kwamba unamshika mtoto, kwa hiyo si saa tatu ya asubuhi. Imebaki ipi? Mchana hauna saa tatu mbili. Imebaki ya usiku. Saa tatu ya usiku mpaka saa tano, watu wameshasali isha na kula na kuzima taa, mke wangu yuko kwa mjane, mstari umelala. Tena wanichorea! Wanipakia na vema nyekundu juu!

Na mimi si mjinga kama unavyodhani. Mwinamo nimeujua, wewe mwenyewe ulinifundisha. Kwenda, mstari umesimama kama mnazi: unakimbilia. Kurudi, unajikokota kama punda aliyenyimwa maji. Mtu hukimbilia anakokutaka na hujikokota asikokutaka. Hiyo ni hesabu au si hesabu?

Nasema mara moja. Uwe umerudi hapa kabla ya huo mtihani wako. Usiporudi nitakuja mwenyewe nikutoe mkekani mbele ya wenzako, makofi watakayopiga safari hiyo utayasikia.

Wiki hii siji, nina mafua, sitoki kitandani. Lakini usijione umesalimika.

Uweis bin Twahir


Kibarani, Kilifi
3 Septemba 2025

Kwa Mzee Uweis, shikamoo.

Hatujaonana, lakini nakusikia kila siku, maana mkeo akikosa jawabu husema, "Hapa angekuwepo Baba Hadiya angebisha mpaka hesabu ikubali."

Nakuandikia kwa jambo dogo. Jumamosi usiku, baada ya isha, mkwe wangu Hetvi alikuwa uani akianua nguo. Akasikia mtu anapiga chafya nyuma ya ua wa michongoma. Si chafya moja, ni chafya ya mfululizo, ile ya ugoro. Mbwa wetu akatoka. Huyo mbwa ni mzee, hajafukuza kitu tangu mwaka juzi, lakini Hetvi asema usiku ule alirudi ujana. Aliyekuwa akipiga chafya naye alirudi ujana, akaruka ua.

Sikutoka mimi. Nilikuwa nimeshalala. Baada ya magharibi nyumba hii ina watu wawili na mbwa, na wa kwanza kulala ni mimi.

Asubuhi nilikuta kubadhi moja la ngozi, la mguu wa kushoto, limetiwa kiraka kwa uzi wa kushonea kanzu. Nikaliweka barazani nikawauliza wanafunzi kama kuna anayelijua. Mmoja alilitazama, akacheka mpaka akashika nguzo, kisha akaacha kucheka ghafla, akafunga daftari akaenda kwao kabla ya somo kwisha. Hajarudi mpaka leo. Hilo ndilo lililonisumbua, si chafya. Yeye ndiye mkali wangu wa grafu, na mtihani umekaribia.

Kubadhi nimelifunga kwenye gazeti, nimempa Kavumbi. Ndani yake kuna karatasi za miraba na penseli. Nasikia unachorea mkaa.

Wako kwa heshima,
Kishor


Shela, Malindi
6 Septemba 2025

Kwa Mwalimu Kishor,

Marahaba. Kubadhi limefika. Si langu. Makubadhi ya pwani hii yanafanana kama nzi. Nimelijaribu mguuni kwa adabu tu, nisimvunje moyo Kavumbi aliyelibeba, na kama limenienea basi ni bahati mbaya ya mguu.

Nitalihifadhi mpaka mwenyewe atokee. Nina la kulia lisilo na mwenzake, yatakaa pamoja kama mayatima.

Mbwa wako anauma bila kusema kwanza. Nimesikia hivyo kwa watu.

Lakini uliyosema mwishoni, kwamba hajarudi darasani, hayo ni kweli? Mimi nilitaka arudi Malindi. Sikusema akae tu nyumbani kwa Hadiya na daftari limefungwa.

Uweis


Kibarani, Kilifi
8 Septemba 2025

Baba Hadiya,

Mafua yako yalikutoa kitandani Malindi yakakuleta mpaka Kilifi ukaruke ua wa watu. Pole. Umelala wapi usiku ule, na mguu mmoja uko peku? Hadiya ana nyumba, ana kitanda, ana mjukuu wako ambaye hujamwona. Ulipita mlangoni kwake kwenda kuchungulia michongoma.

Nilicheka nilipoliona kubadhi, kiraka nilikitia mwenyewe. Kisha nikakumbuka maana yake nikaona haya mpaka nikashindwa kukaa. Wiki nzima sikwenda. Nilikaa na daftari mapajani, penye ile grafu niliyokunakilia, nikiitafuta dhambi yangu iko kwenye mstari upi.

Ndipo nikaiona. Umeitundika chini ya saa yetu.

Mume wangu, mwalimu anatumia saa ya redio. Tatu yake ndiyo tisa yetu. Toka 3 mpaka 5 ni saa tisa mpaka saa kumi na moja, alasiri, jua kali, wanawake saba na Hetvi akipepea mkaa. Kosa ni langu pia, nilikaa kwao miezi nikaanza kuandika kwa saa yao nisikwambie.

Chukua penseli uliyopewa. Saa ya nyumbani iite y, ya mwalimu iite x. y = x + 6. Hiyo m ni moja, yaani saa yako na yake zakwenda mwendo mmoja, hazina ugomvi. Kilichozidi ni sita tu. Sasa kila namba ya chini kwenye grafu yangu iongeze sita. Umeona? Picha yote imesogea. Penye kusimama pamesimama vilevile, penye kulala pamelala vilevile. Mwinamo hata mmoja haukubadilika, maana mimi sikubadilika. Wewe uliyasoma ya mchana ukayatia gizani.

Na huko kujikokota kulikokuuma: kwenda mikono yangu mitupu, kurudi napita dukani, nabeba unga na maziwa ya mjukuu. Ubebe wewe tuone mwinamo wako.

Sasa lile kosa nililosema nitakwambia siku nyingine. Siku yenyewe ndiyo leo. Ulisema c yako ni kijiko. Mwaka tuliooana hukuzungumza na muuza maji mwezi mzima kwa sababu alinisalimu kwa jina. Hadiya alipozaliwa ulimwonea wivu, mtoto mchanga. Kishor ulikuwa humjui hata kwa sura. Mtoe mwalimu uone, m iwe sifuri: mstari utalala, ndiyo, lakini utalala juu sana, pale ulipoanzia. Usimbebeshe mwalimu mzigo ulioingia nao nyumbani kwangu.

Kesho narudi darasani. Mtihani nitaufanya. Ukija kunitoa mkekani, njoo kwa mlango, mchana, na makubadhi yote mawili, nami nitasimama mbele ya wenzangu nikwambie siendi. Baada ya hapo sijui tutakuwa nani mimi na wewe. Afadhali usije.

Jaha


Shela, Malindi
13 Septemba 2025

Jaha,

Nililala msikitini. Muadhini aliniuliza kubadhi la pili liko wapi, nikamwambia nimelitoa sadaka.

Nimeongeza sita. Nilianza kwa kubisha, nikachukua 8 nikaongeza sita nikapata kumi na nne, nikaruka kwa furaha kwamba hesabu yako ni ya uongo, hakuna saa kumi na nne duniani. Kisha nikakumbuka saa ikipita kumi na mbili huanza upya. Nikakaa chini. Nikaongeza sita kwa namba zote, taratibu, kwa penseli ya yule bwana. Penseli yake ni nzuri, laana imshukie. Yaani namshukuru.

Mstari ulisogea wote ukaingia mchana. Nikauona. Nikakuona umebeba unga.

Nimesogea na mimi nikachora wangu upya kwenye miraba, si ukutani. Nimeandika m = 0. Niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta, karatasi imekuwa nyembamba hapo kama ngozi ya kitunguu, lakini sasa imekaa. Mwalimu Kishor hanizidishii tena. Wiki zikiongezeka mstari umelala.

Ila c siifuti. Umesema kweli iko juu, nimeipima, si kijiko, ni sufuria ya harusi. Muuza maji alikusalimu kwa jina akiwa anatabasamu, ulisahau kuandika hilo. Nilikuja nayo kwako na nitaondoka nayo. Siku utakayoona mstari wangu umegusa chini kabisa, mwite Hadiya alete sanda.

Mtihani ufanye. Wenzako wote sita uwashinde. Nimewaambia watu hapa kwamba mke wangu ni mkali wa grafu Kilifi nzima, na hayo si majigambo, nina barua ya mwalimu. Ukiandikishwa, kaa huko mpaka mwakani. Mimi nitakuja kwa mlango, alasiri, nimwone mjukuu, nile hizo bhajia nione zina nini. Mbwa afungwe.

Saa ya ukutani sikuibadilisha, baba angenijia ndotoni. Lakini chini yake, pale ufa wangu wa mkaa ulipoishia, nimeandika kwa herufi kubwa: + 6. Kila nikitaka kukasirika natazama hapo kwanza.

Sasa jambo langu. Jumapili baada ya mtihani njoo nyumbani, hata kwa siku moja. Asumini imepanda mpaka dirishani, tangu mwezi wa pili namwagilia, mgongo waniuma, na tuliagana mimi maji, wewe kikuba. Nitayachuma maua alfajiri nikuwekee kwenye sahani. Utunge kimoja tu, na rihani kidogo, ukivae hapa, mbele yangu. Nitakungoja saa tatu asubuhi. Yetu.

Mumeo,
Uweis